Mzigo wa Vitu Vilivyorudishwa

Mama mwenyekiti, na ninyi wenzangu wote, mtaniwia radhi, nitasema nikiwa nimesimama. Viti hivi vya kukunja, mgongo wangu hauvitaki, na sababu yake mtaisikia.

Mmeniomba nifungue somo la leo la kuuza na kununua vitu kwenye intaneti. Kwenye tangazo mmeandika kwamba nitatoa utangulizi. Nawaonya mapema, utangulizi wangu unanuka. Nyie mnaoendelea na sambusa, zimalizeni kwanza.

Nilikuwa keya, mhudumu wa kutunza wazee, kwenye nyumba yao huko Harrow. Kazi yenyewe mnaijua, wengi humu imewalisha. Siku moja mwenzangu wa shifti hakufika, nikamnyanyua bibi mmoja peke yangu kumtoa kitandani. Kiuno kikafanya kama kamba inayokatika. Bibi nilimkalisha salama, namshukuru Mungu, ila mimi sikuweza kunyanyua mtu tena. Daktari akaniambia nitafute kazi ya kukaa. Kazi ya kukaa, London hii, na Kiingereza changu cha wakati ule! Nilikuwa na binti yangu wa shule ya msingi, baba yake alishabaki Morogoro na mambo yake. Tulipanga vyumba viwili vya juu kule Queensbury, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Mama yule alikuwa mkali, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kabisa, na ukisikia Kiswahili ngazini asubuhi ya baridi, hata kama unagombezwa, moyo unatulia kidogo.

Kitu cha kwanza kuuza kilikuwa baiskeli ya binti yangu, ilikuwa imeshakuwa ndogo kwake. Dada wa maktaba alinionyesha namna ya kujiandikisha kwenye ule mnada wa kwenye kompyuta. Nyumbani sikuwa na intaneti, na simu zetu zilikuwa za kubonyeza tu. Nikaazima kamera, nikaipiga picha baiskeli, nikaandika maneno machache. Ndugu zangu, nawaambia, siku ya mwisho ya mnada nilikaa pale maktaba nikiangalia watu wawili, wa miji ambayo sijawahi kuisikia, wakigombania baiskeli ya mwanangu. Niliruka kwenye kiti. Mgongo ukanikumbusha kwamba hauruki.

Nikasema, kumbe kazi ya kukaa ndiyo hii.

Sasa aje huyo mtu. Jina silitaji, na mnaomjua naomba mlimeze. Alikuwa wa kwetu, anaongea kama sisi, anaimba na sisi kanisani, mama zetu wangeweza kuwa majirani. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo. Mgeni akikuibia unasema ni mwizi, unalala. Huyu tulimwita Mwalimu. Alikuwa na darasa la Jumamosi kwenye ukumbi mmoja wa kukodi, na tangazo lake lilisema hivyo hivyo kama lenu, utangulizi wa biashara ya mtandaoni. Unalipa kiingilio, unapewa chai, unakaa unafundishwa.

Na alifundisha vizuri, siwezi kusema uongo. Ndiye aliyenifundisha kupiga picha mchana karibu na dirisha, kwenye shuka jeupe, bila kuwasha taa. Kuandika jina la kitu jinsi mnunuzi atakavyolitafuta. Kumjibu mteja siku ile ile. Kutuma mzigo haraka na kutunza kile kikaratasi cha posta, ili mtu akisema hajapokea uwe na cha kumwonyesha. Kuangalia wanunuzi wa nyuma wamemsemaje muuzaji kabla hujatoa pesa yako. Mambo hayo yote ni kweli, yaandikeni. Mtu anaweza kukufundisha ukweli wiki baada ya wiki ili siku moja akuuzie uongo.

Siku hiyo akatuambia, "Watu wa nchi hii wananunua kitu leo, kesho wanakirudisha kwa sababu rangi haikuwapendeza. Maduka hayana muda wa kuvipanga tena. Yanauza kwa mafungu makubwa, hata boksi halijafunguliwa. Mimi nina mtu wangu kwenye ghala kule Hayes."

Mzigo aliokuwa nao ulikuwa wa vitu vya watoto wachanga. Vigari, vitanda, magodoro, chupa, pampu za kukamulia maziwa. Nikamuuliza kama naweza kwenda ghalani kuangalia kwanza. Akacheka, wote wakacheka naye.

"Dada, ukienda kuangalia mwenzako ameshanunua. Vimefungwa na nailoni ya kiwandani, utaangalia nini?"

Nikamuuliza habari ya risiti. Akanishika bega.

"Risiti ya nini? Sisi si ndugu?"

Nikampa akiba yangu yote, mkononi, noti juu ya noti.

Mzigo ulikuja na gari asubuhi, umefungwa juu ya chaga ya mbao, mrefu kunizidi mimi. Dereva akaushusha mbele ya nyumba, akaondoka bila hata kuaga. Mama mwenye nyumba alikuwa amekubali niweke vitu kwenye banda lake la gari. Binti yangu alikuwa likizo, akashika mkasi kwa furaha, akaanza kukata nailoni.

Harufu ilitoka kabla ya kitu chochote kutoka.

Nimefanya kazi ya keya. Nimesafisha watu. Uchafu wa binadamu haunitishi, nimeushika kwa mikono yangu nikiwa naimba. Lakini ule uvundo ulikuwa wa namna nyingine, maziwa yaliyooza yakachanganyika na mkojo wa zamani na plastiki iliyopata joto. Binti yangu akaacha mkasi, akaziba pua, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba kuna kitu kimekufa mle ndani. Nikamwambia hapana, ni boksi tu. Nikafungua boksi la juu. Chupa za kunyonyeshea, na ndani yake maziwa yameganda, yameota ukungu wa kijani wenye manyoya. Nikafungua la pili. Nguo za mtoto, mpya, lebo zinaning'inia, na kinyesi kimekaukia ndani yake. Mtu alizinunua, akamvalisha mwanawe, akazirudisha dukani, akarudishiwa pesa. Kulikuwa na pampu za maziwa, mirija yake ina maziwa ya mama ambaye simjui, yamegeuka rangi. Godoro la kitanda cha mtoto lina ramani ya mkojo juu ya ramani ya mkojo.

Nilitapika pale pale kwenye maua ya mama wa watu.

Nikampigia simu Mwalimu. Nilifikiri atashtuka. Jamani, nilifikiri na yeye ametapeliwa, nikawa namwonea huruma wakati simu inaita!

"Dada, usinipigie kelele," akasema. "Darasani nilifundisha nini? Unapangusa, unapulizia manukato, unageuza upande mzuri, unapiga picha. Boksi unalifunga upya kwa nailoni, ile ya kawaida, unaipuliza na mashine ya kukaushia nywele, inabana kama imetoka kiwandani. Wenzako wote wanafanya hivyo. Unafikiri wanauza nini?"

"Mtoto mchanga ataweka mdomoni."

"Mtoto wa Mzungu, dada. Wewe fikiria wa kwako."

Nikamkatia simu. Sikujua kama nimechukia zaidi maneno yake au ile sauti tamu aliyoyasemea.

Sasa ndugu zangu, sitajifanya malaika mbele yenu. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Nilichukua kitambaa, nikageuza lile godoro, upande wa pili ulikuwa mweupe. Nikaupangusa. Nikalipandisha juu chumbani kwetu kwenye mwanga mzuri nilipige picha. Nikalilaza kwenye kitanda cha binti yangu, nikainua kamera, na mkono ukakataa. Nilikuwa nanusa vidole vyangu. Nikaishusha kamera, nikalirudisha godoro chini kule kule lilikotoka.

Lakini nilikuwa nimeshachelewa. Lile godoro lilikuwa na kunguni.

Binti yangu alianza kujikuna. Shuleni wakamwona mikono yake, wakamtenga, hakuna aliyetaka kukaa naye. Alikuwa anarudi nyumbani ananitazama bila kusema, na mimi nilikuwa tayari anitukane kuliko vile. Nikafua, nikamwaga maji ya moto, nikapuliza dawa, wanapungua wanarudi. Nilisikia kinyaa na nyumba, na kitanda, na ngozi yangu mwenyewe. Nikaacha kwenda kwenye ibada, niliogopa kumbeba mdudu kwenye koti nikamshushia mtu.

Halafu mama mwenye nyumba akaja bandani kutafuta mwiko wake wa bustani. Nikasikia anavyoniita tokea chini.

"Wewe! Njoo hapa! Kitu gani inanuka hivi kwenye nyumba yangu?"

Nikashuka. Nikamwambia yote, mpaka kunguni. Nilijua nafukuzwa, na haki alikuwa nayo. Alisimama amejifunika pua na mtandio wake, anaangalia zile chupa.

"Nani alikuuzia?"

"Ndugu yetu, mama. Wa kwetu kabisa."

"Ndugu!" Akatema mate chini. Sijawahi kumwona akitema mate, alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. "Na wewe utamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu."

Kisha akaingia ndani, akarudi na glavu za mpira, jozi mbili, zake na zangu.

Tulichambua mzigo wote mimi na yeye, mgongo wangu na miguu yake iliyovimba. Aliita watu wa kuua wadudu kwa gharama yake, akasema ya pesa tutaongea baadaye, na hatujayaongea mpaka leo. Vilivyooza tulivitia kwenye mifuko na kuvipeleka jalala la kaunsili, ile halmashauri ya mtaa. Pampu moja na chupa moja nikaziweka pembeni. Wakati ule hata sikujua nazihifadhia nini.

Waliotaka kujua kwa nini sionekani walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa mama mdogo kutoka Bukavu, aliyekuwa amejifungua karibuni. Siku moja alikuja kunijulia hali na mtoto mgongoni. Akamshusha, akamfungua mdomo.

"Mama, angalia mutoto. Kinywa yake yote iko na bidonda. Anakataa kunyonya."

Ulimi wa yule mtoto ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na mashavuni kwa ndani vidonda. Nikamuuliza anampa nini. Akasema anakamua maziwa yake mwenyewe ili akienda kufanya usafi maofisini mume wake ampe mtoto. Alinunua pampu kwenye intaneti, mpya, kwenye boksi lake.

Nikamwomba aniletee hilo boksi. Kesho yake akalileta. Kwenye kona nailoni ilikuwa imekunjamana, imeyeyuka kidogo, kama kitu kilichopulizwa na mashine ya nywele. Nikatoa mrija, nikauinua kwenye dirisha. Ndani kulikuwa na mstari wa njano uliokauka, na hayakuwa maziwa yake.

Hakujua aliyemuuzia ni nani, jina la mtandaoni lilikuwa la kubuni. Lakini alituma mzigo kutoka hapa hapa London. Inawezekana aliimba naye Jumapili. Mtoto wa Mzungu, dada! Ndiye huyu sasa, mtoto wa Mzungu mwenyewe, ana macho ya babu yake wa Bukavu.

Tulimpeleka kwa daktari. Akawapa dawa ya matone, mtoto na mama, akasema ile pampu isiguswe tena, vyombo kama hivyo havitumiwi kwa kupokezana hovyo. Mtoto alipona. Nataka mlisikie hilo kabla sijaendelea, mtoto alipona.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani. Ukumbi umejaa watu wapya, wengine wametoka shifti ya usiku Hayes, macho mekundu, daftari mpya mkononi. Yule mama mdogo alikaa nyuma na mtoto wake. Mwalimu aliponiona akafungua mikono.

"Huyu ni mwanafunzi wangu wa mwanzo! Dada, njoo mbele, uwape wageni ushuhuda."

Nikaenda mbele. Nikasema asante, nimekuja nao kwenye mfuko. Nikafungua mfuko, nikatoa pampu ya yule mama mdogo na ile chupa niliyoiweka, nikafungua kifuniko cha chupa, nikaipa baba mmoja wa mstari wa kwanza aishike. Aliipokea kwa heshima, mikono miwili. Kisha harufu ikamfikia puani. Aliirudisha mezani kama ameshika moto. Harufu ikatembea mstari kwa mstari, nikawa naiona inavyokwenda kwa jinsi watu wanavyoinua kola.

Mwalimu akanisogelea. "Dada yangu, tuongee pembeni. Kwa upendo."

"Tuongee hapa hapa. Hii nimeitoa kwenye mzigo ulioniuzia. Na hii pampu ilifungwa upya kama ulivyonifundisha kwenye simu, akainunua yule mama pale nyuma. Mtoto wake amejaa vidonda mdomoni."

"Aliyemuuzia si mimi," akasema.

Ndilo neno linalonirudia nikiwa naosha vyombo. Hakuuliza mtoto yukoje. Hakugeuka hata kumtazama. Alitafuta kwanza mlango wa yeye kutokea.

Mzee mmoja mlinzi, bado amevaa sare yake ya kazi, akasimama. "Mwalimu, mimi nina swali moja. Wewe mwanao ungempa hiyo?"

Mwalimu akaanza kukunja nyaya za kompyuta yake. Watu wakasimama, wakamzunguka mlangoni wakitaka kiingilio chao, na akawarudishia, maana walikuwa wengi. Mimi akiba yangu hakurudisha. Nilikwenda kwenye ofisi ya kaunsili inayosikiliza malalamiko ya wanunuzi, wakanipokea vizuri, wakaniuliza, risiti iko wapi? Mnalijua jibu.

Na msifikiri nilipigiwa makofi. Wazee wawili walinifuata wakaniambia nimemwaibisha ndugu mbele ya watu, ningemwendea faraghani. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza habari za mtoto. Mwalimu akahama mji. Nasikia huko aliko anafundisha kitu kingine. Watu hunitaka niseme hapa kwamba nimemsamehe, ndivyo ushuhuda unavyotakiwa kuishia. Sijamsamehe. Nikimkumbuka mdomo unajaa mate machungu. Mungu ananijua, tutaendelea kulizungumza mimi na Yeye.

Jinsi nilivyoinuka ni hadithi fupi. Katika mzigo ule vilibaki vitu vizima vichache, vigari viwili vitatu na kitanda cha mbao. Niliviosha, nikavikagua kila kiungo. Tangazo langu la kwanza nilianza na ubaya. Niliandika, kofia ya kigari hiki imechanika upande wa kushoto, tazama picha, gurudumu moja linalia. Kisha ndiyo nikaandika uzuri wake. Nikajua hakuna atakayenunua. Kilinunuliwa, na mama aliyekinunua akaniandikia mbele ya ulimwengu wote kwamba kigari kilikuwa kama nilivyosema, hakuna zaidi hakuna pungufu. Maneno hayo yakaniletea mteja mwingine, naye akaleta mwingine. Siku hizi Jumapili alfajiri nakwenda kwenye masoko ya mitumba ya viwanjani, nakagua vigari kwa macho yangu na pua yangu, nachukua vichache, nasafisha, narekebisha, nauza. Magodoro siuzi. Pampu siuzi. Kodi nalipa mwenyewe, na mgongo umepumzika.

Namshukuru yule dada wa maktaba, aliyenikalisha kwenye kompyuta hata muda wangu ulipokwisha. Namshukuru mama mwenye nyumba, na namshukuru kwa Kiswahili ili akisikia asije akasema nimemtafsiri vibaya. Namshukuru mama mdogo wa Bukavu aliyekubali kukaa nyuma ya ukumbi ule na mwanawe, kwa sababu bila yeye ningekuwa mwanamke mmoja mwenye chupa chafu. Na binti yangu, ambaye sasa ndiye anayenipigia picha za vigari, na ambaye aliyabeba yale ya shuleni bila kunilaumu.

Somo ni hili. Usinunue mzigo usioonyeshwa. Usilipe nje ya njia za ule mtandao ati kwa sababu muuzaji anaongea kama mama yako. Omba picha ya chini, ya ndani, ya nyuma. Na ukiuza, anza na ubaya. Kama ubaya wenyewe huwezi kuuandika, basi hicho kitu si cha kuuza, ni cha jalala.

Na la mwisho. Darasa lile lilikuwa na watu wengi, na baadhi yenu nawaona humu. Siwataji. Siwatazami hata kwa jicho, natazama ukuta ule. Mliuza vile vitu, na kwenye kompyuta bado mna anwani za mlikovituma. Tukitoka hapa, kabla hujafika kituo cha treni, mwandikie yule mama uliyemuuzia. Huna haja ya kujieleza wala kulia. Mwambie tu, kile kitu ulichonunua kwangu, usimpe mtoto.